Leseni ya ualimu, chekechea na uanagenzi katika jimbo la Tennessee: nani abebe gharama ya kusomea kazi?

Mwalimu Mwanagenzi

Wakuu, heshima kwenu. Maswali kuhusu kufundisha Marekani yamekuwa yakiulizwa hapa kila mara na kujibiwa kwa mstari mmoja mmoja, kwa hiyo nimeona nifungue uzi unaojitegemea. Nitazungumzia Tennessee peke yake, jimbo ninaloishi, kwa sababu Marekani haina leseni ya ualimu ya taifa zima: kila jimbo lina bunge lake, bodi yake ya elimu na masharti yake, na mwalimu anayehamia huku kutoka jimbo jirani huomba leseni ya huku hata kama amefundisha miaka ishirini alikotoka.

Kwanza nijieleze. Nilifundisha shule ya msingi mkoani Kigoma kwa miaka sita nikiwa na cheti cha Daraja la IIIA. Nilipofika Nashville nilipeleka vyeti vyangu vikatathminiwe, nikalipia, na jibu lililorudi lilikuwa fupi: cheti hiki hakilingani na shahada ya kwanza. Hapo mjadala ulikwisha, maana ili upate leseni ya kuanzia ya mwalimu wa darasani, ambayo hudumu miaka 3, unatakiwa uwe na shahada ya kwanza, uwe umemaliza au umeandikishwa katika programu ya ualimu iliyoidhinishwa na Bodi ya Elimu ya jimbo, na ufaulu mitihani ya Praxis inayohusu somo au ngazi unayofundisha. Ukishapata uzoefu unapanda kwenye leseni ya miaka 6, ambayo huhuishwa kwa pointi za mafunzo kazini. Upo mlango mmoja unaopita kando ya shahada, nao ni wa fundi anayekwenda kufundisha ufundi: mchomeleaji aliyemaliza sekondari anaweza kupewa leseni kwa kutazamwa miaka yake ya kazi. Yaani jimbo linakubali kwamba mikono inaweza kushuhudia ujuzi wa mtu pale inaposhika chuma, lakini si pale inapomshika mtoto wa miaka minne.

Sasa hoja yangu. Kwa muda mrefu watunga sheria wa Tennessee walitaka kuinua elimu kwa kumkaza mwalimu aliyekwisha kuingia darasani. Mwaka 2010, walipokuwa wakiwania fedha za serikali ya shirikisho katika mashindano ya Race to the Top, walipitisha sheria iliyofanya matokeo ya wanafunzi kuwa nusu ya tathmini ya mwalimu, na katika duru ya kwanza jimbo likashinda, pamoja na Delaware, likapata takribani dola milioni 500. Mwaka 2011 muda wa kungojea kuthibitishwa katika ajira ya kudumu ulirefushwa kutoka miaka 3 hadi 5, na haki ya vyama vya walimu ya kujadili mikataba ya pamoja ikafutwa. Waweza kuyaunga mkono hayo au kuyapinga, lakini hakuna hata moja lililouliza mtu mwenye uwezo wa kufundisha na asiye na ada ataingiaje.

Swali hilo lilijibiwa kutoka upande ambao wengi hawakuutazamia, upande wa mafunzo ya wafanyakazi. Katika mji wa Clarksville, kaskazini ya jimbo karibu na mpaka wa Kentucky, mamlaka ya shule ya kaunti ya Montgomery ilishirikiana na chuo kikuu cha Austin Peay kuwaajiri watu kama wasaidizi wa walimu huku wakisomeshwa bure hadi shahada. Januari 2022 Wizara ya Kazi ya Marekani iliuandikisha mpango huo kuwa uanagenzi uliosajiliwa, wa kwanza nchini humo katika kazi ya ualimu. Kabla ya hapo, sheria ya uanagenzi, ambayo ni ya mwaka 1937, ilikuwa ikisikika zaidi kwenye habari za mafundi umeme, mafundi bomba na maseremala. Mwanagenzi hulipwa tangu siku ya kwanza, huongezewa ujira kadiri ujuzi wake unavyokua, huwekwa chini ya mwalimu mlezi, na mwishoni hukalia mitihani ileile na kupewa leseni ileile. Usajili huo si heshima ya jina tu, kwa sababu unafungua mfuko wa fedha za shirikisho za mafunzo ya kazi, ambao sheria yake ya sasa ni ya mwaka 2014, na ambao hapo awali haukuwa na kawaida ya kumgusa mtu anayesomea ualimu.

Kwa hiyo ninachodai ni hiki: masharti ya leseni hayakupunguzwa hata nukta, bali kilichobadilika ni mfuko unaolipia kuyatimiza, na badiliko hilo limetufaa sisi tulio wanagenzi sasa, watu wa hali yangu, kuliko miaka yote ya kukaza masharti. Karibuni.

Kalamu Nyekundu

Mwalimu, nimekusoma kwa makini na sijashawishika. Neno leseni lina sifa mbaya masikioni mwa wengi wetu tuliokuwa Tanzania wakati shule za kata zilipokuwa zikifunguliwa kwa kasi, kwa sababu tuliwaona vijana waliotoka kidato cha sita wakipewa mafunzo ya wiki chache na leseni ya kufundisha, na mitaani wakaitwa walimu wa voda fasta. Nao waliambiwa kwamba mengine watajifunzia kazini. Mwanafunzi aliyefundishwa hesabu na mtu wa namna hiyo hakurudishiwa mwaka wake.

Unasema masharti hayakupunguzwa. Mimi nauliza kama mtu anayeshinda darasani akiwafuta watoto pua na kuwapangia magodoro ya kulalia, kisha jioni anafungua kitabu akiwa amechoka, anaweza kupata shahada yenye uzito sawa na ya yule aliyekaa chuoni miaka minne. Halafu jimbo linalokazana hivi kuhusu leseni lina ushahidi gani kwamba leseni yenyewe inamsaidia mtoto?

Mtaka Takwimu

Niruhusuni niingilie kwenye swali la mwisho la Kalamu Nyekundu, maana Tennessee ni mojawapo ya majimbo machache ambako bunge lenyewe lilikubali kulipia jaribio la kweli kabla ya kuamini maneno ya watu.

Mwaka 1985 jimbo lilianzisha utafiti ulioitwa Project STAR. Kwa miaka minne, kuanzia mwaka wa chekechea wa shule, ule wa watoto wa miaka mitano, hadi darasa la tatu, watoto zaidi ya 11,000 katika shule 79 waligawanywa kwa kura, pamoja na walimu wao, katika makundi matatu: madarasa madogo ya watoto 13 hadi 17, madarasa ya kawaida ya watoto 22 hadi 25, na madarasa ya kawaida yaliyoongezewa msaidizi wa kudumu. Watoto wa madarasa madogo walifanya vizuri zaidi, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto weusi na wa familia maskini. Kumwongeza msaidizi kwenye darasa kubwa hakukuleta tofauti ya maana. (Mwalimu Mwanagenzi, usinichukie, nitakurudia.) Miaka mingi baadaye wachumi, akiwemo Raj Chetty, walizifuatilia kumbukumbu za watoto hao hadi walipofika umri wa miaka 27, wakaona mwaka 2011 kwamba waliokuwa katika madarasa madogo walielekea zaidi kwenda chuo, na kwamba waliofundishwa chekechea na mwalimu mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka 10 walikuwa na kipato cha juu kidogo ukubwani.

Jaribio la pili ndilo linalouma. Mwaka 2005, chini ya Gavana Phil Bredesen, bunge lilipitisha sheria ya chekechea ya hiari kwa watoto wa miaka minne, ikitanguliza wa familia zenye kipato kidogo. Ukiisoma sheria hiyo utadhani imeandikwa na mwalimu: darasa lisizidi watoto 20, mwalimu awe na leseni yenye idhini ya elimu ya awali, awepo msaidizi, na mafundisho yasipungue saa 5 na nusu kwa siku. Kwa kuwa vituo vingi vilipata maombi kuliko nafasi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt waliomba watoto wachaguliwe kwa kura, kisha wakawafuatilia karibu watoto 3,000, waliopata na waliokosa. Mwisho wa mwaka wa chekechea, waliopata walikuwa mbele. Kufikia darasa la tatu faida ilikuwa imeyeyuka na dalili za kurudi nyuma zimeanza kuonekana. Ripoti ya mwaka 2022, watoto walipofika darasa la sita, ilionyesha kwamba waliopata chekechea ya jimbo walikuwa na alama za chini kuliko waliokosa, na makosa ya nidhamu mengi zaidi.

Leseni ilikuwepo, ukubwa wa darasa ulikuwa na kikomo, msaidizi alikuwepo. Sheria ilitaja kila kitu kinachoweza kuhesabiwa na mkaguzi mwenye kalamu, ikaacha saa zenyewe za siku ya mtoto zijazwe na kila kituo kinavyojua. Mwaka 2016 bunge lilijaribu kurekebisha kwa sheria ya ubora wa chekechea, ambayo iliyafanya maombi ya fedha kuwa ya ushindani na kuwadai walimu majalada ya kazi za watoto ili maendeleo yapimwe. Majalada hayo nayo yalileta ghasia yake: mwaka 2018 walimu wengi walipewa alama ya chini kabisa kwa sababu ya kasoro za namna yalivyojazwa na kusahihishwa, si kwa sababu hawakufundisha.

Mama Furaha

Kaka Mwalimu, na ninyi wengine wote, nawasalimu. Mimi natoka Uvira, nipo Nashville mwaka wa saba, na nimefanya kazi katika vituo viwili vya kulea watoto. Ninawasoma mnajadili chekechea kana kwamba ni kitu kimoja, na hapo ndipo ninapotaka kuwasahihisha kidogo.

Hapa Tennessee mtoto wa miaka minne anaweza kuwa katika darasa la chekechea la shule, lililo chini ya Idara ya Elimu, ambako mwalimu ana shahada na analipwa kwa ngazi ya walimu. Mdogo wake wa mwaka mmoja yupo katika kituo kama chetu, ambacho leseni yake hutolewa na Idara ya Huduma za Jamii. Leseni ya huku ni ya jengo na biashara, si ya mtu. Inahesabu vitanda, milango ya dharura, na idadi ya walezi, kwa mfano mlezi mmoja kwa watoto wachanga wanne. Mimi mlezi sihitaji shahada. Nilitakiwa kumaliza sekondari, kukaguliwa rekodi ya jinai, na kuhudhuria saa za mafunzo kila mwaka. Ukali wa ukaguzi una historia yake ya machozi: mwishoni mwa miaka ya 1990 kuna watoto waliokufa baada ya kusahauliwa ndani ya magari ya vituo mjini Memphis, na tangu hapo masharti ya usafiri na ya ukaguzi yakakazwa, na vituo vikaanza kupewa nyota za ubora. Hakuna mlezi anayeyalalamikia hayo. Tunapohesabu watoto kwenye gari, tunahesabu mara mbili.

Lakini ujira, kaka. Mwenzangu aliyekuwa hodari kuliko sote aliondoka kwenda kupanga mizigo ghalani, kwa sababu ghala lilimlipa zaidi na hakuna mzazi aliyempigia simu usiku. Watoto wale wachanga wakabadilishiwa mlezi mara tatu katika mwaka mmoja. Ndugu Mtaka Takwimu ametaja mwalimu mwenye uzoefu wa miaka 10. Kwetu ukipata wa miaka 2 unashukuru.

Nisiseme mabaya tu. Upo mpango unaoitwa TECTA, unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Tennessee, ambao hutoa mafunzo elekezi ya saa 30 bila malipo kwa walezi, kisha husaidia ada ya anayetaka kuendelea. Kwa njia hiyo ninasomea CDA, cheti cha walezi wa watoto wadogo, ambacho hudai saa 120 za mafunzo na saa 480 za kazi na watoto. Zile 480 nilikwisha kuzipita zamani. Ninachokiomba ni njia ya kuendelea kutoka cheti hicho hadi shahada bila kuacha kazi, na hadi sasa njia hiyo, kwa mtu wa kituo binafsi, ina matundu mengi kuliko kokoto.

Mwalimu Mwanagenzi

Dada Mama Furaha, ahsante. Umenirekebisha mahali nilipostahili kurekebishwa. Nilizungumza kama mtu wa shule za umma, na mpango wa Clarksville ni wa shule za umma. Mlezi wa kituo binafsi hana mamlaka ya shule nyuma yake inayoweza kutia saini mkataba na chuo kikuu, na mwenye kituo cha watoto thelathini hana fedha za kumpandishia ujira mwanagenzi kila anapofuzu hatua. Haya ni mapungufu ya mpango wenyewe, si ya maelezo yangu tu, na sitajaribu kuyafunika.

Mtaka Takwimu, sikuchukii. Matokeo ya STAR kuhusu msaidizi nimeyajua kwa muda, na kwa kweli yananisaidia. Msaidizi wa mwaka 1985 aliwekwa darasani kama mkono wa ziada, apige fotokopi, asimamie foleni ya chakula. Hakuna aliyemdai ajifunze kufundisha. Mwanagenzi anakaa kwenye kiti kilekile akiwa na daftari la stadi ambazo lazima azionyeshe na mwalimu mlezi azitilie saini moja baada ya nyingine. Wiki iliyopita yangu ilikuwa kuongoza mazungumzo ya watoto juu ya hadithi bila kuwakatiza, na nilirudishwa nirudie, kwa sababu nilijibu maswali yangu mwenyewe kabla watoto hawajafungua midomo. Hapo ndipo pia ninapoiona kasoro ya chekechea ya mwaka 2005: leseni ya mwalimu ilithibitisha alichosoma, lakini kwa mwaka mzima pengine hakuna mtu aliyeketi nyuma ya darasa lake akasikiliza anavyoongea na watoto.

Kalamu Nyekundu, ulinganisho wako na walimu wa wiki chache naupokea kama onyo, ila mambo haya mawili yanatofautiana mahali penyewe unapopaogopa. Vijana wale walipewa darasa kwanza, wakaachwa peke yao. Mwanagenzi hapewi darasa lake hadi awe amepata shahada na kufaulu mitihani, na muda wote huo mwenye darasa yupo chumbani. Kuhusu uchovu sina cha kubisha. Jumatano nina kipindi hadi saa tatu usiku, na kuna siku nimeusoma ukurasa mmoja mara nne.

Niongeze jambo ambalo halijatajwa. Mwaka 2023 bunge lilipitisha sheria ya kupandisha mshahara wa chini wa mwalimu hadi dola 50,000 kufikia mwaka wa masomo wa 2026–27, na ndani ya sheria hiyohiyo likapiga marufuku ada za vyama vya walimu kukatwa moja kwa moja kwenye mishahara. Mkono mmoja unatoa, mwingine unapapasa mfukoni. Lakini dola hizo ni za mwenye leseni, na pengo kati yake na mlezi wa kituo, ambalo Mama Furaha amelieleza, sasa litapanuka, na walezi hodari watazidi kuvuka kuja upande wetu. Sisi tutafurahi, watoto wachanga watabadilishiwa mlezi mara nne badala ya tatu.

Kalamu Nyekundu

Kuhusu mwalimu mlezi kuwemo chumbani muda wote, nimekubali. Kuhusu shahada ya usiku bado nina mashaka, na nitabaki nayo hadi wanagenzi wa kwanza watakapofikisha miaka kumi darasani na mtu akapima watoto wao kama walivyopimwa wale wa STAR.

Mgeni wa Uzi

Samahani kwa kuingia mwishoni. Mtoto wa dada yangu, waliofika kama wakimbizi kutoka Congo, ameanza mwaka wa mwisho wa sekondari huko Nashville. Hataki ualimu, anataka uchomeleaji. Ameambiwa shuleni kwamba Tennessee husomesha bure, na mama yake haamini kitu cha bure. Je, ni kweli, na ni kwa raia tu?

Mwalimu Mwanagenzi

Ni kweli, ingawa neno bure lina maelezo yake. Mpango huo unaitwa Tennessee Promise, ulipitishwa mwaka 2014 wakati wa Gavana Bill Haslam na kuwapokea wahitimu wa kwanza mwaka 2015. Unalipia ada iliyobaki baada ya misaada mingine, kama ile ya Pell ambayo serikali ya shirikisho huwapa wanafunzi wa kipato kidogo, kutumika, na unagharimiwa na fedha za bahati nasibu ya jimbo. Hulipia vyuo vya jamii na pia vyuo vya ufundi vya jimbo, vinavyofahamika kwa kifupi TCAT, ambako uchomeleaji hufundishwa. Haulipii nauli, chakula wala buti za kazi, kwa hiyo mama ajiandae. Si wa raia pekee, kwa maana mwenye hadhi ya ukimbizi huhesabiwa miongoni mwa wasio raia wanaostahili msaada wa shirikisho, na jimbo hufuata kipimo hicho. Ahakikishe tu kwamba karatasi zake za uhamiaji zipo na majina yanalingana na ya cheti cha shule, kwani herufi moja ikipishana atazungushwa.

Akiwa ndani atatakiwa kufanya saa 8 za kazi ya kujitolea kila muhula na kuwa na mshauri. Mama mwenyewe, kama hajapata shahada yoyote na ameishi hapa mwaka mzima, aulizie Tennessee Reconnect, ambayo ni ya watu wazima. Kijana asikae: maombi ya Promise hufungwa tarehe 1 Novemba ya mwaka wa mwisho wa sekondari, na fomu ya misaada ya shirikisho hujazwa peke yake. Akikwama kwenye sehemu ya kipato cha mzazi aniandikie kwenye ujumbe wa faragha, Jumatano asinitafute.